Watano Chini ya Alama Moja

Padre wetu ana kidole gumba kinene, na kwa mwezi mzima nilikilaumu kidole hicho kwa kila kitu.

"Mwalimu," aliniambia kwenye simu Ijumaa moja mchana, upepo ukivuma kiasi cha kumeza nusu ya maneno yake, "hapa kwenye mashine ya kusaga nagusa alama ya ramani yako, inafunguka ya mama mmoja. Nagusa tena, ni yule yule. Lakini hesabu inasema wagonjwa watano."

"Gusa katikati ya alama, Baba."

"Nimegusa katikati."

"Vua glavu."

Alikuwa amezivaa. Mtu anayeendesha pikipiki kwenye uwanda wa Ufipa mwezi wa tano bila glavu anafika aendako akiwa hasikii kama ana vidole, kwa hiyo sikuwa na haki ya kumcheka, lakini nilimcheka moyoni. Nikasikia anazivua, anahema, anagusa.

"Ni mama yule yule," akasema.

Nikamwambia nitaangalia. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua kwamba kosa liko kwa mwenzake.

Hakuna aliyenilazimisha kuingia katika jambo hili. Mimi nafundisha somo la kompyuta sekondari hapa Sumbawanga mjini, na kutengeneza programu za simu nilijifunza mwenyewe, jioni baada ya kusahihisha madaftari. Parokia yetu ina vigango sita. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi padre huzunguka kuwapelekea Komunyo wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani. Miaka yote haikuwa shida, kwa sababu katekista alikuwa anawajua wote. Alitangulia na baiskeli yake, akapiga hodi, padre akifika anakuta meza imeshatandikwa kitambaa cheupe. Kisha baada ya Pasaka katekista akaombwa ashuke bondeni, upande wa Ilemba, akaanzishe kigango kipya. Akabaki padre peke yake, mgeni, katoka jimbo la mbali, Kifipa hajui hata salamu. Wazee wa parokia wakaanza kusikitika. Mimi nikanyanyua mkono nikasema nitatengeneza ramani. Kiherehere changu kilianzia hapo.

Ramani yenyewe ilikuwa rahisi. Kila mgonjwa ana alama yake. Ijumaa ya kwanza ikifika alama zote zinakuwa nyekundu. Padre anagusa alama, kinafunguka kikaratasi kidogo chenye namba ya mgonjwa na anachohitaji: Komunyo, kitubio, Mpako wa Wagonjwa. Chini yake kuna majibu mawili ya kubonyeza, Nimemfikia na Bado. Akibonyeza Nimemfikia, alama inageuka kijani. Majina hayakuwemo. Padre alikataa kabisa, alisema habari za wagonjwa si za kutembea kwenye simu ambayo kesho inaweza kuanguka njiani. Nilikubaliana naye, na bado nakubaliana naye.

Katekista nilimpa simu wiki moja kabla hajahama. Nikamweleza: nenda kwa kila mgonjwa, ukifika bonyeza hapa palipoandikwa Weka Alama, basi. Yeye alikuwa mtu wa umri wa baba yangu, mwenye koti la sufu analolivaa hata jua likiwaka, na alinisikiliza kwa adabu kama mwanafunzi wa mstari wa mbele. Mwisho akaniuliza, "Na maelezo naandika wapi?"

"Maelezo gani, baba?"

"Ya kumwelekeza padre. Kwamba apite wapi, aingilie wapi."

Sehemu ya maelezo ilikuwepo mwanzoni, nikaiondoa, kwa sababu niliona inachafua kioo. "Ramani inatosha," nilimwambia. "Inaonyesha mahali penyewe kabisa."

Akatikisa kichwa kukubali. Naukumbuka sana mtikiso ule wa kichwa.

Kwa wafugaji programu ilifanya kazi vizuri mno. Hao ni watu waliohamia kwetu kutoka kanda ya ziwa, na hawajengi kijijini. Kila mtu anajenga katikati ya shamba lake na ng'ombe wake, kaya moja hapa, nyingine ng'ambo ya kijito, nyingine huko ambako sisi tungesema hakukaliki. Alama zao zilisambaa kwenye ramani kila moja na uwanja wake, ukigusa hukosi. Padre alinipigia akicheka Ijumaa ile ya kwanza: alikuwa amefika kwenye boma la mama mmoja aliyepooza ambaye hata watu wa kijiji cha karibu hawakujua anakaa wapi. Nilitembea wiki nzima shingo juu.

Vijiji vyetu sisi ni kitu kingine. Tunakaa kwa kubanana, nyumba nyuma ya nyumba, uchochoro unapita dirishani kwa mtu, mashamba yako mbali. Kijiji nilichozaliwa, kwenye barabara ya Namanyere, kina mashine ya kusaga katikati, na nyuma ya mashine kuna nyumba kama ishirini zimeshikana. Katika nyumba hizo anakaa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye miguu ilimvimba mwaka juzi na kanisani hafiki tena. Anakaa na mjukuu wake wa kike, na Ijumaa ya kwanza ndiyo siku yake kubwa. Nyumba ya tatu kutoka kwake alikaa mzee fundi wa majembe, ambaye kiwanda chake cha kufua chuma kilikuwa kelele za utoto wangu. Jembe langu la kwanza, dogo kama kijiko, alinifulia yeye. Hao ndio niliokuwa nikiwafikiria nilipojitolea, sikuwa nikifikiria jimbo wala parokia.

Basi nikakaa na lile tatizo la mashineni. Wiki ya kwanza niliongeza ukubwa wa eneo linalosikia kidole, ili mtu akigusa pembeni kidogo ya alama bado ahesabiwe amegusa. Padre akajaribu. Mama yule yule. Wiki ya pili nikaandika kwamba kidole kikiangukia alama nyingi, simu ichague iliyo karibu zaidi na katikati ya kidole. Mama yule yule. Nikafikiri labda mkono wake unateleza kidogo anapogusa, simu inadhani anaisogeza ramani, kwa hiyo nikailegeza ivumilie mkono unaotetemeka kwa baridi. Sasa ikawa mbaya zaidi: akitaka kusogeza ramani, kikaratasi cha mama kinamrukia usoni.

"Mwalimu, huyu mama sasa ananifuata mpaka parokiani," padre alisema. Alikuwa anatania. Mimi sikucheka.

Nilikuwa nimechoka, na nikichoka nakuwa na hasira na vitu. Nilikasirikia umeme uliokatika kila nilipokaribia kumaliza. Niliikasirikia simu ya padre yenye kioo kilichopasuka pembeni. Wanafunzi wangu walijua, walikuwa wanachungulia mlangoni kwanza kabla ya kuingia. Zaidi ya yote nilikikasirikia kile kidole.

Mwisho nikafungua kumbukumbu zenyewe, namba za mahali alizoweka katekista, na hapo nikaona jambo ambalo lilinifanya nipige meza kwa furaha. Alama zile tano zilikuwa zimelaliana. Ziko ndani ya hatua mbili tatu, zote zimewekwa siku moja. Ukiivuta ramani mpaka unaliona bati la mashine, bado zimelaliana. Hakuna nyumba tano duniani zinazoweza kukaa ndani ya hatua tatu. Kwa hiyo ni mgonjwa mmoja, nikasema, mzee wa watu amebonyeza mara tano. Saa zilizoandikwa zilitofautiana, moja saa tatu asubuhi, nyingine karibu saa nne, ya mwisho saa sita, na hilo nililiona. Nikajijibu kwamba mtandao ulikuwa unasumbua, akawa anarudiarudia.

Nilimpigia katekista ahakikishe. Hapatikani. Bondeni kule mtandao unakuja na kuondoka utakavyo wenyewe. Nikatuma ujumbe, haukujibiwa. Basi la kwenda Ilemba lipo kila siku, sikulipanda.

Nikaandika mstari mmoja tu: alama zilizo ndani ya hatua tano zihesabiwe kuwa moja. Hesabu ya mashineni ikashuka kutoka watano hadi mmoja. Padre akaniuliza, "Una uhakika, Mwalimu?"

"Nina uhakika, Baba."

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa sita ramani yote ya kijiji chetu iligeuka kijani kabla ya saa saba mchana. Ile ya mwezi wa saba, hali kadhalika. Niliitazama kwenye simu yangu nikiwa ofisini kwa walimu. Upande wa shule palikuwa na alama moja karibu na nyumba za nyuma ya mashine, na siku zote nilikuwa nimejiambia hiyo ndiyo ya shangazi. Hata hivyo Jumapili moja nilimpigia.

"Shikamoo shangazi. Padre anafika?"

"Marahaba mwanangu. Anafika," alisema. "Pikipiki yake naiona."

Nikaridhika. Tukazungumza habari za mavuno ya ulezi.

Wiki ya pili ya mwezi wa saba nilipata taarifa kwamba mzee fundi amefariki. Nikapanda basi Jumamosi asubuhi, kanga mbili juu ya sweta, maana ndiyo miezi ambayo upepo wa kwetu unaingia mpaka kwenye mifupa. Msibani wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka upande wenye jua. Nikamtafuta shangazi kwa macho, nikamwona, halafu nikadhani nimekosea. Alikuwa amekaa bega kwa bega na jirani yake, wamejifunika blanketi moja.

Jirani huyo ni mama wa rika lake, nyumba yake inatazamana na mashine. Walikuwa hawasemezani tangu mimi niko shule ya msingi. Kisa ni pombe ya ulezi. Kwenye harusi ya binti yake mkubwa shangazi alipika pombe mwenyewe, siku zote zinazotakiwa, na jirani alipopewa kuonja akasema mbele ya wakwe kwamba haijaiva. Basi. Kwa neno hilo moja wanawake wawili wa jumuiya moja walisali miaka yote hiyo kila mmoja akiwa upande wake wa kanisa, na walipozeeka na kushindwa kwenda kanisani kila mmoja akasali upande wake wa uchochoro. Ukimtajia shangazi jina la jirani alikuwa anatema mate, kidogo, kwa heshima, pembeni.

Nikamsubiri mpaka tulipotoka makaburini. Nilimshika mkono hadi nyumbani, hatua mbili, kupumzika, hatua mbili. Alipokaa kwenye kiti chake mlangoni nikamuuliza imekuwaje.

"Nilikwenda kumwomba msamaha," alisema.

"Wewe?"

"Mimi." Akaikunja kanga yake magotini. "Padre amenipita mara tatu, mwanangu. Mara ya kwanza nikasema amesahau, ni mgeni. Mara ya pili nikatandika kitambaa, nikawasha mshumaa, nikakaa hapa hapa. Nikaiona pikipiki inasimama mashineni, nikamwona anaingia kwa yule, anatoka kwa yule, anavaa glavu, anaondoka. Hakutazama hata huku. Mshumaa nikauzima mwenyewe kwa vidole."

"Kwa nini hukuniambia? Nilikupigia simu!"

"Nikuambie nini? Kwamba padre ananinyima Komunyo?" Alinitazama kwa ukali. "Hilo ni jambo la kumwambia mtoto wa kaka yangu? Hata mjukuu nilimkataza asiseme. Alikuwa shambani anavuna, jioni akiniuliza namwambia amekuja."

Alikuwa amefanya alichofundishwa tangu katekisimu. Alikaa akajihoji amekosa nini. Alitafuta siku nyingi, akapata vitu vidogo vidogo, akaviungama peke yake kwa Mungu, Ijumaa ikafika, padre akampita tena akaingia kwa yule yule. Sasa akaelewa. Padre anaingia kwa jirani na hapa haingii, kwa hiyo kosa ni lile. Asubuhi iliyofuata akachukua fimbo, na miguu ile, akauvuka uchochoro ambao hakuuvuka miaka yote hiyo, akapiga magoti kwenye udongo mbele ya jirani akamwomba amsamehe. Jirani akalia. Wakalia wote. Tangu siku hiyo jirani anamletea uji.

"Shangazi," nikasema, "na fundi? Padre alikuwa anafika kwa fundi?"

"Aaa, wapi. Mkwewe anasema kila Ijumaa ya kwanza mzee anavaa shati lake jeupe asubuhi, jioni analivua mwenyewe, hasemi kitu."

Nikainuka nikaenda mpaka mashineni, nikasimama pale pale ambapo ramani ilisema, nikafungua simu. Alama ya kijani ilikuwa chini ya miguu yangu. Ukutani palikuwa na alama nyeusi ndefu, ya usukani wa baiskeli unaoegemezwa mahali pamoja mwaka hadi mwaka.

Nikampigia katekista. Siku hiyo mtandao wa bondeni ukaamua kuwepo.

"Tumsifu Yesu Kristo, baba."

"Milele amina. Ni mwalimu? Habari za huko juu?"

"Nzuri, baba. Nina swali. Hapa mashineni uliweka alama za watu wangapi?"

"Watano," alisema mara moja, akaanza kunihesabia nyumba kwa nyumba, jirani, fundi wa tatu, shangazi yangu wa nne, mpaka wa mwisho.

"Sasa baba, mbona zote ziko mahali pamoja? Kwa nini hukuziweka kwenye milango yao?"

Nilidhani mtandao umekata. Kumbe alikuwa anashangaa swali lenyewe.

"Mwalimu," alisema polepole, "mimi naingiaje kwa mgonjwa na simu mkononi? Ataona nimekuja kumpiga picha. Baiskeli nashukia mashineni, siku zote, huwezi kupita na baiskeli kwenye uwanja wa watu wazima kama mwendawazimu. Simu naiacha kwenye mkoba, kwa mtu wa mashine. Naingia, namsalimu mgonjwa, tunasali, natoka. Nikirudi kwenye baiskeli ndipo nabonyeza. Nikienda kwa wa pili nafanya hivyo hivyo. Kwani nilikosea? Ndiyo maana nilikuuliza maelezo naandika wapi."

Na kwa wafugaji alifanya vivyo hivyo, alishukia mlangoni mwa zizi, ila pale mlango wa zizi ulikuwa na mgonjwa mmoja tu nyuma yake. Kwa hiyo haikuonekana.

"Hukukosea, baba," nilimwambia. Ndilo neno la kweli pekee nililokuwa nimesema kuhusu programu ile tangu ianze.

Padre alikuwa amefika mashineni, akauliza mgonjwa anakaa wapi, wakamwonyesha mgonjwa, nyumba iliyo mbele yao. Anagusa Nimemfikia, namba moja inageuka kijani, na zile nne nyekundu ziko chini yake, hazionekani, hazigusiki, kidole kinene au chembamba. Hata ningekuwa na kidole cha malaika nisingezifikia. Na mimi, badala ya kuzitafuta, nilizifuta.

Nikarudi kwa shangazi nikamweleza. Nilijaribu kueleza kwa Kiswahili, nikashindwa, nikahamia Kifipa, nacho hakina neno la kitu hiki. Nikampa simu aione. Akaishika mbali na macho, akabonyeza ile alama kwa kidole chake kikavu. Haikufunguka. Akabonyeza kwa nguvu, kama anayekandamiza mbegu ardhini. Nikamshika kidole nikakigusisha polepole, kikaratasi kikafunguka.

"Huyu nani?"

"Namba moja. Ni jirani."

"Na mimi niko wapi?"

"Wewe namba nne. Uko chini yake."

Alinitazama mimi, akaitazama simu, akanitazama tena.

"Hata humo!" alisema.

Nilitaka kucheka, na naona aibu kusema kwamba nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Akaniwekea simu mapajani.

"Kwa hiyo nilimwomba msamaha bure."

"Shangazi..."

"Nilipiga magoti. Kwenye udongo. Kwa ajili ya simu yako." Akajipiga paja. "Na pombe ilikuwa imeiva! Ilikuwa imeiva mwanangu, kila mtu alikunywa!"

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nitakwenda kwa jirani nikaeleze kila kitu, nitasimama kwenye jumuiya niseme mbele ya watu. Akanishika kiwiko, na mkono wake una nguvu bado.

"Usithubutu," alisema. "Usimwambie. Ananiletea uji."

Tukakaa. Jirani alipita uchochoroni na beseni, akatupungia, shangazi naye akampungia. Nilipodhani mazungumzo yamekwisha akaniuliza, bila kunitazama, "Na fundi? Naye alikuwa humo chini?"

"Alikuwemo. Namba tatu."

"Mzee wa watu hakuwa na ugomvi na mtu," alisema. "Yeye alidhani amemkosea nani?"

Kurekebisha kulinichukua jioni moja. Nasema hivyo kwa hasira, kwa sababu mwezi mzima niliupoteza kwenye kidole cha padre. Mstari wa hatua tano niliufuta. Sasa ukigusa mahali penye alama nyingi, simu haikuchagulii, inafungua orodha ya wote waliopo hapo, na kila mmoja ana sehemu yake ya maelezo, ambayo katekista alinisomea kwa simu mimi nikiandika: nyuma ya mashine, kushoto, mlango wa bluu, bisha hodi mara mbili kwa sababu hasikii vizuri. Padre nilimwambia ukweli wote nikiwa nimesimama ofisini kwake, sikukaa. Alisikiliza, akasema Mungu hafungwi na ramani yangu. Najua alitaka kunifariji. Na wale wachache niliowasimulia baadaye wameniambia tazama, lakini si wazee wawili wamepatana? Kila nikisikia hivyo natamani kutoka nje. Shangazi hakupatanishwa na programu yangu. Shangazi alifedheheshwa na programu yangu, upatanisho aliufanya yeye, na magoti yake.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nane niliomba ruhusa shuleni nikaenda na padre. Pikipiki tuliiacha mashineni. Akagusa alama, orodha ikafunguka, watano. Tukaanza kwa jirani, namba moja. Tukaenda kwa namba mbili, mzee ambaye alitulaki kwa kutuuliza kama vita vimeisha, maana hakuona sababu nyingine ya padre kupotea. Kisha padre akanitazama, nami nikampeleka kwa shangazi.

Kitambaa kilikuwa mezani, mshumaa ulikuwa unawaka, na jirani alikuwa amekwisha kutangulia kwa uchochoro wa nyuma, ameketi pembeni yake. Shangazi alipopokea Komunyo alifumba macho muda mrefu mpaka nikaogopa. Alipofumbua alinisogezea kiti.

Tukafika kwa namba tano pia. Kisha tukarudi mashineni, padre akavaa glavu ya kushoto, akachukua simu kwa mkono wa kulia kumalizia. Orodha ilikuwa na kijani nne. Akagusa ile ya tatu, ya fundi, ikafunguka mara moja, bila shida yoyote, kama nilivyotaka tangu mwanzo. Anachohitaji: Komunyo. Chini yake, majibu mawili niliyoyaandika mimi.

Padre aliangalia kioo. Kisha akanikabidhi simu.

"Hii bonyeza wewe, Mwalimu," alisema.

Nikabonyeza Bado.